Furu wekundu, furu wa bluu, na maji yanayochafuka

Msomaji mmoja wa Mwanza kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Mimi nimekulia kando ya ziwa, utotoni tulikuwa tunavua furu kwenye miamba kwa ndoano, madume mengine mekundu kabisa mengine ya bluu, majike yote rangi ya vumbi tu. Siku hizi nikienda karibu na mji napata furu wenye rangi isiyoeleweka. Hivi samaki anaona rangi kweli au zile rangi zipo tu? Na zimefifia kwa nini, ni maji au hawa ni samaki wengine? Halafu nimefuga wachache kwenye tangi nyumbani, fundi kanishauri nifunge taa nyekundu ili wakolee, nifunge?"

Marahaba ndugu yangu. Umeuliza mambo manne ila yote yanarudi sehemu moja, kwa hiyo nivumilie, jibu litakuwa refu, na hilo la taa nitalifikia mwisho, usikimbilie dukani kwanza.

Tuanze na jicho. Samaki anaona rangi, tena furu anaona vizuri sana. Sisi binadamu kwenye jicho tuna aina tatu za seli za rangi, zinaitwa koni, moja inashika bluu, moja kijani, moja upande wa nyekundu, ubongo unachanganya basi unapata rangi zote unazozijua. Ndani ya kila koni kuna protini inayoitwa opsini, na hiyo ndo inayoamua koni ishike mwanga gani. Furu kwenye jeni zake ana opsini za koni 7. Hazitumii zote kwa mpigo, samaki mkubwa mara nyingi anaegemea tatu hivi, na ni zipi hizo tatu inategemea sana na maji anayoishi. Kule Ziwa Nyasa ambako maji ni maangavu kuna jamaa zao wanaoona mpaka urujuanimno, mwanga ambao wewe na mimi hatuuoni kabisa. Hawa wetu wa Victoria wameegemea upande wa kijani, njano na nyekundu, kwa sababu huo ndo mwanga ambao maji yao yanauacha upite.

Na hapa kwenye maji ndo wengi wanapoachwa, kwa sababu watu tunafikiria rangi kama kitu kilichopakwa kwenye samaki, kipo pale usiku na mchana. Sivyo. Samaki mwekundu anaonekana mwekundu pale tu ambapo mwanga mwekundu umemfikia ukagonga magamba ukarudi kwenye jicho lenye uwezo wa kuushika. Ukitoa kimoja katika hivyo, nyekundu hakuna. Baharini, ukizama pale Mafia au Pemba, maji meupe yale, mwanga mwekundu unamezwa na maji yenyewe mita za mwanzo tu, kinachoenda chini kabisa ni bluu. Ndo maana wapo samaki wekundu wa kina kirefu ambao ukiwakuta mezani sokoni unasema huyu alikuwa anajificha vipi na rangi hii, kumbe kule chini alikuwa anaonekana kama kivuli cheusi, wekundu wake ulikuwa ni maficho.

Ziwa Victoria ni kinyume chake. Maji yana mwani, yana tope, yana majani yaliyooza, na vitu hivyo vinameza bluu mapema. Kadiri unavyoshuka mwanga unageuka njano, halafu rangi ya chungwa, mpaka kunakuwa na giza la wekundu wekundu. Kwa hiyo nyekundu iliyo maficho baharini, Victoria ndo rangi inayopiga kelele kule chini, na bluu ndo inayozama. Ukilishika hili umeshika nusu ya jibu.

Sasa wale wawili uliokuwa unawavua. Bila kuwaona siwezi kuapa, ila maelezo yako yanafanana sana na Pundamilia pundamilia, dume lake la bluu ya kijivu, na Pundamilia nyererei, dume lake jekundu, na ndiyo, jina hilo ni la Mwalimu, alipewa samaki huyu mwaka 1985 na watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wanafanya kazi hapohapo ghuba ya Mwanza. Muangalie nyererei dume aliyekomaa kwa karibu: mgongo mwekundu kuanzia nyuma ya kichwa mpaka kwenye pezi la juu, ubavuni njano, mistari myeusi inakatiza kusimama kama ya punda milia, na kwenye pezi la chini kule nyuma ana vidoa vya duara vya njano au chungwa vinavyofanana na mayai. Vidoa hivyo vina kazi yake. Jike akishataga anayabeba mayai mdomoni, halafu anamkuta dume kanyoosha pezi, anaenda kwenye vile vidoa kama anaokota yai jingine, pale dume anamwaga mbegu na mayai yanarutubishwa mlemle mdomoni. Kisha jike anakaa na watoto mdomoni wiki kadhaa bila kula vizuri, na dume hana habari, karudi kwenye mwamba wake kusubiri mwingine.

Hiyo tabia ndo inaeleza kwa nini majike ni ya vumbi na madume yamevaa kama wanaenda harusini. Jike anabeba gharama yote, akikosea mwenza msimu mzima umeharibika, kwa hiyo anachagua. Dume kazi yake ni kuchaguliwa, na asipochaguliwa hana mtoto hata mmoja hata kama aliishi maisha marefu. Jike mwenyewe hana sababu ya kung'aa, akiwa na mdomo umejaa watoto anachohitaji ni ndege wala samaki kama mnandi na mdiria wasimuone.

Twende Makobe, kisiwa karibu na mlango wa ghuba ya Mwanza ambako maji bado yana afadhali. Wa bluu wanakaa juu, mita moja mbili kutoka uso wa maji, ambako mwanga bado una rangi zote. Wekundu wapo chini zaidi, mita nne na kuendelea, kwenye ule mwanga wa chungwa. Mwamba uleule, kisiwa kilekile, hakuna ukuta wala nyavu katikati, na bado ni spishi mbili kabisa. Watafiti walipochunguza macho yao, kazi iliyotoka mwaka 2008 ikiongozwa na Ole Seehausen, walikuta opsini ile ya upande wa nyekundu ipo kwa matoleo mawili. Wa bluu wa juu wana toleo moja, wekundu wa chini wana toleo lingine ambalo limesogea kuelekea nyekundu kwa nanomita kama 15 hivi (nanomita ndo kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga). Unaweza kusema nanomita 15 ni kitu gani, lakini kwenye giza lile la chungwa hiyo ndo tofauti ya kumuona mwenzio na kumkosa.

Ona sasa mambo yanavyojipanga yenyewe. Anayeishi chini, akizaliwa na jicho linaloshika nyekundu vizuri anaona chakula vizuri, anamuona adui mapema, anaishi. Jike mwenye jicho hilo, dume jekundu kwake linawaka, la bluu linaonekana jeusi jeusi halina maana. Analichagua jekundu. Watoto wanarithi jicho la mama na rangi ya baba. Kule juu mambo yanaenda kinyume, jicho linalofaa mwanga wa juu na dume la bluu. Hakuna aliyekaa kikao. Maji yamechagua jicho, jicho likachagua rangi, na vizazi vinavyokwenda huku na huku vikaacha kuoana. Kuna jaribio la baadaye, waliwafuga samaki hawa maabara, wengine kwenye mwanga wa kuiga juu na wengine kwenye mwanga wa kuiga chini, na wa bluu waliishi vizuri zaidi kwenye mwanga wa juu, wekundu kwenye mwanga wa chini. Pale hakukuwa na adui wala kugombea chakula, mwanga tu. Mimi hilo jaribio ndo lilinifanya niache kabisa kusema "rangi ni urembo".

Na jike hachagui wekundu kwa sababu ya macho peke yake. Nyekundu na njano ya samaki inatokana na karotenoidi, rangi ambayo samaki hawezi kuitengeneza mwilini, lazima aile, iko kwenye mwani na kwenye wadudu na viduduvidudu vya majini waliokula mwani. Dume jekundu sana maana yake anakula vizuri, na walipohesabu vimelea kwenye nyererei walikuta wekundu zaidi wana vimelea wachache. Kwa hiyo jike akifuata rangi anapata na taarifa ya afya humohumo, bila kujua. Bluu ni habari nyingine, haina rangi ya kula ndani yake, ni fuwele ndogo sana ndani ya seli za ngozi zinazorudisha mwanga wa bluu, chini yake kuna weusi unaoifanya ionekane kali.

Madume nao wana siasa yao. Wakiwekwa jekundu na la bluu wapigane, mara nyingi jekundu linashinda, lakini ukiwasha taa ya kijani, ambayo inaufuta ule wekundu, faida yake inapungua sana. Yaani sehemu ya ushindi ule ilikuwa ni vitisho tu. Halafu kuna hili ambalo mimi naona ni tamu kuliko yote: mara nyingi dume linamshambulia zaidi mwenye rangi kama yake kuliko mwenye rangi tofauti, kwa sababu huyo ndo mshindani wake kwa majike. Sasa fikiria umezaliwa na rangi mpya mtaani, wote wanapigana wao kwa wao, wewe wanakuacha. Rangi ngeni inapata nafasi ya kuota mizizi, na hiyo inasaidia kueleza kwa nini rangi mbili zinaweza kukaa mwamba mmoja bila moja kuimaliza nyingine.

Kwa nini basi madume yote duniani hayajawa mekundu mpaka yanawaka? Kwa sababu jike sio peke yake anayeangalia. Mfano safi hauko kwetu, uko Trinidad, kisiwa cha Karibea, kwenye vijito vya milimani wanakoishi gapi, visamaki vidogo ambavyo huenda umeviona kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Kwenye mabwawa ya chini yenye samaki wakali, madume wa gapi ni wa kufifia. Juu ya maporomoko ambako wakali hao hawafiki, wana madoa ya chungwa na bluu kila mahali. Mtafiti John Endler alichukua gapi kutoka sehemu ya hatari akawahamishia kijito kisicho na maadui wakubwa, mwaka 1976, na baada ya kama miaka miwili tu kizazi kilichokuwepo pale kilikuwa kimeshaongeza rangi. Miaka miwili! Watu wanadhani mageuzi ni mambo ya mamilioni ya miaka. Ziwa Victoria lenyewe lilikauka, likajaa tena kama miaka 15,000 iliyopita, na humo zikapatikana spishi za furu zinazokaribia 500.

Sasa swali lako la msingi, mbona zimefifia.

Kuanzia Makobe ukija kusini ndani ya ghuba maji yanazidi kuchafuka. Kuna kipimo cha zamani rahisi sana, sahani ya Secchi, unaishusha kwa kamba, pale inapopotea machoni unasoma kamba. Makobe inapotea kwenye mita mbili hivi, ukifika Luanso kule ndani inapotea kwenye nusu mita, yaani ukiingiza mkono mpaka begani vidole vyako huvioni. Na samaki wanafuata kamba hiyohiyo. Makobe ni spishi mbili safi. Visiwa vya katikati kama Python na Kissenda bado utakuta wekundu na bluu, ila wa katikati nao wapo. Luanso unakuta kundi moja tu, rangi imekaa katikati katikati, sio nyekundu sio bluu. Rangi isiyoeleweka, kwa maneno yako mwenyewe.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye maji machafu mwanga unabadilika haraka mno, ukishuka hatua moja tu umetoka kwenye mchana umeingia kwenye chungwa na giza, kwa hiyo hakuna nafasi ya kutosha kwa wa juu kuzoea juu na wa chini kuzoea chini, samaki akitembea kidogo tu kapita mazingira yote mawili. Pili, jike haoni. Seehausen na wenzake walishajaribu hili miaka ya 90: waliweka majike na madume ya rangi zote mbili, taa nyeupe ikiwaka kila jike likaenda kwa dume la spishi yake, wakabadilisha wakaweka taa ya rangi moja ya chungwa inayofuta tofauti ya nyekundu na bluu, upendeleo ule ukapotea. Na watoto wa mchanganyiko sio tasa, wanakua, wanazaa. Matokeo waliyachapisha mwaka 1997 kwenye jarida la Science, na ujumbe wake ulikuwa mzito: ziwa linaweza kupoteza spishi bila samaki hata mmoja kuliwa wala kuvuliwa. Zinayeyuka moja ndani ya nyingine. Idadi ya samaki kwenye ndoano yako inabaki ileile, ila ulikuwa na aina mbili, sasa unayo moja.

Kwetu hapa kila kitu kinabebeshwa sangara. Sawa, sangara aliletwa miaka ya 1950, akalipuka miaka ya 1980, na furu wa maji ya wazi na kina kirefu wengi sana walipotea, sitetei. Lakini furu wa miambani, hao wako wanaoitwa mbipi, sangara hakuwamaliza kwa kiasi hicho kwa sababu wanajichimbia kwenye nyufa ambako mdomo wa sangara haufiki. Hao adui yao mkubwa ni maji: misitu iliyokatwa, udongo na mbolea vinavyoshuka na mvua, maji taka ya miji, mwani ukalishwa ukanenepa. Mimi nikisikia mtu anasema tukipunguza sangara basi furu watarudi kama zamani, naona kasoma nusu ya kitabu. Ni kweli sangara walipovuliwa sana baadhi ya furu waliongezeka tena, lakini waliongezeka ndani ya maji ya ukungu, na kwenye ukungu wingi sio sawa na aina.

Kwa hiyo je, uliowavua wewe ni chotara? Inawezekana, na karibu na mji inawezekana zaidi, ila usihukumu kwa kumuangalia akiwa kwenye ndoo. Rangi ya furu dume inaongozwa na homoni na mishipa ya fahamu, akishtuka, akishindwa vita, akitolewa majini, dakika chache tu kafifia kawa kama jike, na mistari myeusi inaweza kukolea au kupotea. Dume kijana au asiye na mwamba wake naye havai kabisa. Mpige picha palepale anapotoka majini, angalia mgongo na pezi la juu, halafu linganisha madume kumi kwa pamoja sio mmoja. Ukiona mekundu yamejitenga na bluu yamejitenga, spishi bado zimesimama. Ukiona mfululizo, kidogo wekundu, kidogo zaidi, nusu, kidogo bluu, bila mahali pa kukata, hapo maji yameshafanya kazi yake. Hata hivyo kuwa makini na jambo moja: uchambuzi wa jeni umeonyesha kuwa wekundu wa Python na Kissenda sio nyererei wa Makobe waliohamia huko, inaonekana wekundu na bluu wa huko ndani walijitenga upya baada ya kuchanganyika. Kwa hiyo samaki mwekundu wa kisiwa kimoja na wa kingine wanaweza kufanana sura na wakawa na historia tofauti, ndo maana wataalamu wengine wanawaita tu "wanaofanana na nyererei" na kuishia hapo.

Haya, taa. Usifunge. Taa nyekundu haimuongezei samaki hata chembe ya wekundu, ni ujanja uleule wa bucha kufunga taa nyekundu ili nyama ya jana ionekane ya asubuhi. Ukizima taa rangi imerudi pale pale. Mbaya zaidi umewanyima majike uwezo wa kutofautisha, na kama kwenye tangi moja una nyererei na pundamilia pamoja, wewe mwenyewe umejenga Luanso sebuleni, utapata watoto wasio na jina. Weka taa nyeupe ya kawaida, sio kali sana. Watenganishe wekundu na wa bluu, kila tangi lake, na kama huna nafasi ya matangi mawili chagua aina moja. Dume moja kwa majike manne au matano, mawe mengi ya kujificha, kwa sababu dume likikosa wa kumfukuza linafukuza majike mpaka yanakufa. Ukitaka wekundu ukolee, lisha karotenoidi: uduvi mkavu uliosagwa, spirulina (aina ya mwani) ukiipata, viduduvidudu vya majini ukiweza. Wape muda, miezi kidogo sio wiki, na ubadilishe sehemu ya maji mara kwa mara. Na watoto wa tangi usiwarudishe ziwani, hata wakizidi, hasa kama huna uhakika wa baba yao. Wape wenzako wanaofuga.